Vitanda vya taa vya kujichoma ngozi (solariamu): nimevifanyia kazi baridi mbili, tuelezane ukweli

Shangazi wa Kaskazini:

Wakuu, salaam.

Mtoto wa kaka yangu yuko huku Uingereza kimasomo, hii ni baridi yake ya pili. Wiki iliyopita kanipigia simu usiku. "Shangazi, mwili umechoka, mifupa inauma, nalala nikiamka bado nina usingizi. Mwenzangu wa hosteli ananiambia niende nikalale kwenye kitanda cha taa, eti kinatia vitamini D. Si wewe ulikuwa unafanya kazi kule? Dakika ngapi zinatosha?"

Nimemjibu, lakini nikajua hayuko peke yake. Vijana wetu wako wengi huku, na maduka haya yako kila mtaa, hasa miji ya kaskazini ya Uingereza. Unatoka kwa kinyozi, unapita duka la kuku wa kukaanga, la tatu ni la vitanda vya taa. Bei yake ni ndogo kuliko sahani ya chakula. Ndiyo maana nimeona niandike kwa urefu.

Kwa wasiovijua: watu hulala humo ili ngozi ishike rangi ya shaba. Kitanda chenyewe kimeumbwa kama kombe la chaza, kina chini na kina mfuniko. Pande zote mbili zimepangwa taa za tyubu ndefu, na juu yake plastiki ngumu inayoona. Mtu anavua nguo, anavaa vimiwani vidogo vya kuziba macho, analala, anavuta mfuniko. Feni zinanguruma, taa zinawaka buluu ya kizambarau. Dakika 6, 9, wengine 12. Akitoka, kazi yangu ilikuwa kuingia na chupa ya dawa na karatasi ya kufutia.

Plastiki ninaikuta bado ya moto, jasho limechora mgongo na visigino vya mtu. Halafu ile harufu. Miezi yote niliyokaa pale sikuizoea. Waliowahi kunyoosha nywele kwa chanuo la moto wataielewa, ila hii ni ya ngozi.

Jambo moja lilinitia uchungu hadi leo. Taa zile zikitumika sana nguvu zake hupungua, na mteja taratibu anazoea kuongeza dakika. Siku fundi akija kufunga taa mpya, dakika zilezile zinakuwa moto mwingine kabisa. Kinachotakiwa ni kupunguza muda na kuwaambia wateja. Pale kwetu fundi alikuja Jumatatu, wateja hawakuambiwa. Binti mmoja wa chuo akalala dakika zake 12 kama kawaida. Kesho yake karudi mgongo mwekundu kama kamba aliyechemshwa, hawezi hata kuvaa sidiria. Akauziwa jeli ya mshubiri, akaambiwa apumzike siku mbili halafu aendelee. Aliyemwuzia ile jeli ni mimi, nilivyoelekezwa.

Sasa kwenye ngozi yenyewe. Taa hizi zinatoa miale ya urujuanimno, ile inayoandikwa UV kwenye chupa za losheni. Kuna UVA na UVB. Kitanda kinatoa UVA kwa sehemu kubwa, na Shirika la Afya Duniani limeandika kwamba mashine zenye nguvu zinaweza kufika mara 10 hadi 15 ya jua la mchana la Bahari ya Mediterania. UVA inazama ndani zaidi ya UVB na kulegeza nyuzi zinazoishika ngozi. Ndiyo maana nilikuwa naona wateja wa miaka 30 wenye kifua cha bibi. Zote mbili zinajeruhi DNA, yale maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya seli. Seli ikijeruhiwa, mwili unaita melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, ije ifunike kiini kisijeruhiwe zaidi. Ile rangi ya shaba mteja anayoilipia ni bendeji, wakuu. Mwili umejifunga bendeji, yeye anajitazama kwenye kioo anafurahi.

Kuhusu vitamini D, inayoitengeneza ni UVB, na ndiyo iliyo kidogo kwenye vitanda vingi. Ngozi nyeusi nayo inahitaji muda mrefu zaidi kuitengeneza. Kwa hiyo kijana wangu angejichoma sana apate kidogo. Huku kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi hata jua la nje halitoshi, na huduma ya afya ya serikali inawashauri watu wenye asili ya Afrika wafikirie kumeza mikrogramu 10 za vitamini D kila siku, mwaka mzima. Kidonge hicho kiko dukani kwa bei ya chini. Nimemwambia aende kwanza akapime damu, maana uchovu una sababu nyingi.

Nakaribisha maswali na wanaojua zaidi yangu.

KijanaWaMakorora:

Shikamoo shangazi. Asante kwa uzi. Swali langu ni dogo: sisi watu weusi linatuhusu vipi? Melanini tunayo tangu tumboni. Niliambiwa kansa ya ngozi ni ya wazungu.

Shangazi wa Kaskazini:

Marahaba mwanangu. Kinga tunayo na tumshukuru Mungu. Waliopima miaka ya 1970 waliona ngozi nyeusi inazuia miale kama losheni ya kukinga jua ya namba 13 hivi, na nyeupe kama namba 3. Lakini kinga ya namba 13 si ukuta. Ngozi nyeusi inaungua, inazeeka, inatoka mabaka, na macho ni ya watu wote: pale dukani vimiwani vilikuwa havivaliwi na wengi kwa kuogopa alama nyeupe kuzunguka macho, na miale ile inachoma macho na kuleta mtoto wa jicho.

Na hilo la kansa ya wazungu naomba tulitoe vichwani. Bob Marley alifariki Mei 1981 akiwa na miaka 36, na ilianzia kwenye kidole gumba cha mguu, chini ya ukucha. Ilikuwa melanoma, kansa ya ngozi iliyo kali. Sisemi aliipata kwa jua, kwa sababu aina ile haihusiani na jua. Ninachosema ni kwamba kwa watu weusi melanoma inapenda kujificha nyayoni, viganjani na chini ya kucha, mahali ambapo hakuna anayetazama, na kwa kuwa tumeambiwa si yetu, tunafika hospitali tumechelewa.

Nesi_wa_Rombo:

Dada, nakuunga mkono na naongeza kutoka huku nyumbani.

Mimi nimehudumia wagonjwa wa ngozi Kilimanjaro. Anayetaka kuona miale hii inafanya nini pasipo melanini asiende Ulaya. Awaulize watu wenye ualbino. Tanzania inakadiriwa mtu 1 kati ya 1,400 ana ualbino, kiwango kikubwa kuliko sehemu nyingi duniani. Nimesafisha vidonda vya vijana wa miaka ya ishirini na ya thelathini: ncha ya sikio, mdomo wa chini, shingo kwa nyuma pale kofia isipofika. Hawajawahi kukiona kitanda cha taa. Ni jua la shambani na la njiani kwenda shule. Wengi kansa yao ni ya tabaka la juu la ngozi, inatibika ikikutwa mapema, ila wengi wanaletwa ikiwa imeshakula.

Pale hospitali ya KCMC Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, inatengenezwa losheni ya kukinga jua kwa ajili yao, inaitwa Kilisun. Nimeona mama akipokea kopo lake kwa mikono miwili. Halafu nasoma hapa kwamba kuna mtu analipa apigwe na miale ileile akiwa uchi. Inanisikitisha kweli.

Mnaotaka kujikagua, doa la kuogopa ni lile lisilolingana pande mbili, lenye kingo zilizokatika-katika, lenye rangi zaidi ya moja, lililozidi milimita 6, yaani upana wa kifutio cha penseli, na zaidi ya yote lile linalobadilika. Kwenye ukucha ni mstari mweusi unaozidi kutanuka. Kidonda kisichopona wiki nne, popote kilipo, kionyeshe.

Shangazi wa Kaskazini:

Nesi, hilo la doa linalobadilika umenikumbusha mtu.

Tulikuwa na mteja, mama wa makamo, mkarimu sana, kila Krismasi ananiletea biskuti za kopo. Alikuja mara mbili au tatu kwa wiki kwa miaka mingi kabla yangu. Siku moja katoka chumbani amefunga taulo, ananiuliza feni mbona haina nguvu, macho yangu yakaangukia kwenye shavu la mguu wake. Doa lilikuwepo siku zote, kahawia, kama punje ya kahawa. Siku ile upande mmoja ulikuwa mweusi ti na ukingo umetambaa kama wino uliomwagikia karatasi. Nikasitasita, mimi mfagizi nitamwambia nini. Nikamwambia. Akacheka, akasema lipo tangu usichana wake. Wiki iliyofuata nikamwambia tena, nikamwomba kama namwomba mama yangu.

Alipotea miezi miwili. Aliporudi hakuja kulala. Alisimama mlangoni na fimbo, akapandisha suruali akanionyesha. Walikuwa wamemkata nyama pana kama kiganja cha mtoto, na kovu lingine kwenye kinena walikotoa tezi kuangalia kama imesambaa. Ilikuwa melanoma. Alinikumbatia pale mbele ya wateja. Nikaacha kazi mwezi ule.

mzee_wa_hoja:

Poleni kwa yote, lakini naomba tusitishane. Jua ni uhai. Mama zetu walituanika asubuhi tukiwa wachanga na mifupa ikakomaa. Lile shirika la kansa lililoviweka vitanda hivi kundi moja na sigara limeziweka na soseji humohumo, mbona soseji tunakula? Mtu akilala dakika 6 kwa mwezi atakufa?

Shangazi wa Kaskazini:

Mzee wangu, hoja yako ni ya haki, nitaijibu kwa heshima.

Ni kweli, lile shirika la utafiti wa kansa la Umoja wa Mataifa lililoko Lyon, Ufaransa, liliviweka vitanda hivi kundi la kwanza mwaka 2009, na nyama za kusindikwa zikafuata mwaka 2015. Kundi hilo halipimi ukali. Linasema ushahidi kwamba kitu kinasababisha kansa umetosha na hakuna ubishi tena. Ukali unapimwa kwingine. Walipokusanya tafiti mwaka 2006 waliona anayeanza vitanda kabla ya miaka 35 hatari yake ya melanoma inapanda kwa asilimia 75. Hesabu za baadaye zilikuja chini kidogo, karibu asilimia 60. Haina maana kwamba watu 75 katika 100 wataugua. Ina maana hatari aliyokuwa nayo tayari inaongezwa kiasi hicho, na kwa mtu mweupe mwenye madoadoa na nywele nyekundu ile ya mwanzo si ndogo.

Jua la asubuhi la mtoto wa Tanga na hiki kitanda ni vitu viwili. Jua la asubuhi ni laini, mtoto yuko nalo dakika chache, na likizidi mama anamwingiza ndani. Kitandani hakuna asubuhi, ni saa sita mchana pande zote za mwili kwa wakati mmoja. Na usifikiri kipimo kinafuatwa. Watafiti wa Dundee walipima vitanda zaidi ya 400 vya Uingereza, wakachapisha mwaka 2013: 9 katika 10 vilizidi kikomo kilichowekwa. Mteja wangu aliyeandikiwa dakika 6 hakuwa na namna ya kujua amelala kwenye kipi.

Brazili walipiga marufuku vitanda vya urembo mwaka 2009. Australia biashara hiyo imefungwa majimbo karibu yote tangu mwanzo wa 2015, na nyuma yake kuna binti wa Melbourne, Clare Oliver, aliyetumia siku zake za mwisho kuwaeleza watu kwenye televisheni na magazetini alivyokuwa akienda solariamu. Alifariki Septemba 2007 akiwa na miaka 26. Serikali zinazoendesha nchi zenye jua kiasi kile hazikufunga maduka kwa kupenda kutisha watu, mzee wangu.

Dakika 6 kwa mwezi hazitakuua kesho. Lakini sikuwahi kumwona mteja wa dakika 6 kwa mwezi. Rangi inaisha baada ya siku kadhaa, anarudi.

Baba Nuhu, Ujerumani:

Habari zenu. Naomba kutofautisha jambo moja, kwa sababu kuna mtu atausoma uzi huu aache dawa yake.

Mimi nina soriasisi, magamba viwikoni na magotini. Daktari wa ngozi huku alinitibu kwa kibanda cha taa hospitalini, mara tatu kwa wiki. Taa zile ni UVB nyembamba, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 311, si za solariamu. Siku ya kwanza nilisimama sekunde chache tu. Nesi anauliza kama ngozi iliwasha, anaandika kipimo kwenye kadi, anaongeza kidogo. Sehemu za siri zinafunikwa, macho yanafunikwa, na kadi inahesabu jumla ili wasizidishe. Wenye mbalanga nao hutibiwa hivyo. Tiba ya mwanga ni ya zamani, Niels Finsen wa Denmaki alipata Nobeli mwaka 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa taa.

Wenye maduka wanapenda kuazima heshima hiyo. Niliwahi kuambiwa dukani kwamba mashine yao inatibu magamba, niache kupanga foleni hospitali. Nikauliza ni taa ya nanomita ngapi. Hakujua.

BintiPwani:

Naomba kuchangia kwa aibu kidogo. Nilitumia mkorogo miaka minne nikiwa Dar. Nilipofika huku uso ulikuwa na rangi tatu, nikashauriwa kitanda cha taa "kusawazisha". Nilienda mara tano. Mashavuni yakatoka mabaka meusi ambayo mpaka leo hayajaondoka.

Nesi_wa_Rombo:

Pole sana mdogo wangu, na usione aibu, umemsaidia mwingine. Krimu zenye haidrokwinoni zinazuia ngozi kutengeneza melanini, yaani zinakuvua lile koti. Ukienda kwenye taa bila koti, ngozi inajibu kwa hasira na mabaka. Acha vyote viwili, paka losheni ya kukinga jua kila asubuhi hata kukiwa na mawingu, na mwone daktari wa ngozi. Itachukua miezi. Usinunue dawa nyingine mtandaoni kurekebisha hii.

MamaNasra_UK:

Shangazi, nimeusoma uzi wote nikiwa kwenye basi, machozi yananilenga. Binti yangu ana miaka 16, baba yake ni Mwingereza, ngozi yake nyeupe ya kuungua haraka. Wana sherehe ya kumaliza shule mwezi ujao. Leo nimekuta kwenye mkoba wake kadi ya dakika 60 za kitanda. Wenzake wote wanaenda. Nikimgombeza ataenda kwa siri. Nifanyeje?

Shangazi wa Kaskazini:

Mama Nasra, usimgombeze. Anza na duka. Hapa England kuna sheria ya mwaka 2010, iliyoanza kazi Aprili 2011: aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kutumia kitanda, na anayevunja sheria ni mwenye duka, si mtoto. Nenda na kadi na kitambulisho cha binti, dai hela yote. Wakikataa, peleka malalamiko halmashauri ya mji. Najua maduka yanayotazama sura tu, hayaulizi umri, kwa hiyo usiondoke mpaka wamwandike asiuziwe tena.

Halafu mpe anachokitaka kwa njia nyingine. Zipo losheni za kupaka zinazobadilisha rangi. Kiambato chake kinatokana na sukari, kinapaka rangi tabaka la juu la seli zilizokufa na kinaisha kwa wiki moja. Asugue viwiko na magoti kwanza, apake nusu siku kabla ya sherehe, anawe viganja. Ila umwambie haikingi jua, losheni ya jua apake vilevile. Na umchunguze kama hana kichupa cha kupulizia puani au sindano ya kubadili rangi. Zinauzwa kwa siri kwenye simu, huku hazina kibali. Hizo zinanitisha kuliko kitanda.

Na mwambie mwenyewe kuhusu yule mama wa biskuti. Wasichana wanasikia habari ya mguu kuliko habari ya asilimia.

KijanaWaMakorora:

Shangazi, kijana wako wa mwanzo amefikia wapi?

Shangazi wa Kaskazini:

Alikwenda. Damu ilionyesha vitamini D iko chini, na madini ya chuma pia yako chini, ambayo hakuna taa duniani ingemwongezea. Kapewa vidonge vya aina mbili. Jana nilimwambia avue soksi anionyeshe nyayo kwenye video, akaona haya, akavua. Ziko safi.

MamaNasra_UK:

Nimetoka dukani sasa hivi. Walianza kwa kusema kadi hairudishwi. Nikaweka kitambulisho chake juu ya meza, sikusema neno. Wamerudisha hela zote isipokuwa za dakika 9. Hizo alishazitumia Jumamosi. Nimemkagua mgongo jioni hii kwa tochi ya simu, doa kwa doa, nikapiga picha zote nizilinganishe baada ya miezi mitatu. Alikubali. Aliniuliza tu kama yule mama wa biskuti bado anatembea na fimbo.